Namna ya Kuwaonyesha Wazee wa Taarab Filamu ya Quartet

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya yeyote aliyeko Unguja au Pemba ambaye nyumbani kwao, au mtaani kwao, kuna mzee aliyepata kupiga fidla, udi au ganuni, au bibi aliyepata kuimba katika kikundi cha taarab, na ambaye angependa kumkalisha mzee huyo mbele ya filamu moja ya kuchekesha kwa upole inayohusu watu wa aina yake. Filamu yenyewe ni Quartet, iliyotoka mwaka 2012. Nimeionyesha mara mbili, na mara ya kwanza niliiharibu. Niliitia kwenye mashine, nikazima taa, nikadhani kazi imekwisha, wazee saba wakakaa kimya kwa heshima muda wa dakika arubaini hivi, kisha mmoja akauliza saa ngapi, na mwengine akaninong'oneza, “Mwanangu, hawa Wazungu wanagombania nini?” Mara ya pili watu hao hao walicheka, wakabishana, wakalia kidogo, na wawili kati yao wakapiga ala ambazo hazikuguswa kwa miaka. Mashine ilikuwa ile ile.

Jambo la kulishika tangu mwanzo ni kwamba filamu nzima inamhusu mtu anayeombwa aimbe naye akakataa. Ukimwalika mzee aje kutazama, kisha ukamvizia kwa kumkabidhi udi mbele za watu, utakuwa umemtendea yale yale yanayomuudhi mhusika mkuu wa filamu, na utastahili jibu lile lile.

Ijue filamu kabla hujamwita mtu

Itazame peke yako mara mbili, na mara ya pili uwe na karatasi na kalamu. Hadithi ni nyepesi. Waimbaji na wapigaji wa opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, waliostaafu wanaishi pamoja katika jumba la mashambani huko Uingereza liitwalo Beecham House. Kila mwaka wanafanya onyesho la kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mtunzi Giuseppe Verdi, na fedha za onyesho hilo ndizo zinazosaidia jumba lisifungwe. Wakazi watatu, Reggie, Wilf na Cissy, waliwahi kuimba pamoja na mwanamke wa nne, Jean, katika kipande maarufu cha sauti nne kutoka opera ya Rigoletto. Siku moja Jean mwenyewe anawasili na masanduku yake kuja kuishi hapo. Aliwahi kuwa mke wa Reggie kwa muda mfupi, na jeraha la Reggie halijapona. Wenzake wanataka waimbe tena wote wanne. Jean hataki, kwa kuwa sauti aliyonayo sasa si ile iliyompa jina, na hayuko tayari kusikiwa na sauti nyengine.

Maggie Smith ndiye Jean, Tom Courtenay ni Reggie, Billy Connolly ni Wilf na Pauline Collins ni Cissy. Mwongozaji ni Dustin Hoffman, mwigizaji wa Marekani ambaye alikuwa na umri wa miaka 75 ilipotoka filamu hii, ikiwa ya kwanza kutoka kwa jina lake kama mwongozaji. Wazee hupenda sana kuambiwa habari hiyo. Mzee mmoja niliyemwambia alitingisha kichwa akasema, “Basi kumbe bado kuna nafasi.” Aliyeandika ni Ronald Harwood, mzaliwa wa Cape Town, ambaye aliitoa kwanza kama mchezo wa jukwaani mwaka 1999.

Kuna habari ya kweli nyuma ya hadithi hii nayo inafaa uwe nayo mfukoni. Verdi mwenyewe alijenga nyumba ya kupumzikia wanamuziki wazee katika mji wa Milan, Italia. Jengo lilikamilika mwaka 1899, lakini hakutaka lifunguliwe akiwa hai. Alifariki Januari 1901, na wakazi wa kwanza wakaingia Oktoba 1902. Yeye na mkewe wamezikwa humo humo, na nyumba inapokea wanamuziki mpaka leo. Nakushauri usilisome hili kama somo la skuli. Liseme wakati wa kahawa, kisha liunganishe na jambo wanalolijua, kwa mfano kwamba opera ya Verdi iitwayo Aida ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Cairo mwezi Disemba 1871, na Cairo hiyo hiyo ndiko Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alikompeleka Mohamed Ibrahim akajifunze ganuni. Ukifika hapo hutahitaji kuendelea. Watakupokea wao, na utasikia habari za kikundi cha taarab cha Akhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kabla hujamaliza kikombe.

Neno litakalokukwaza

Hapa ndipo nilipoteleza mara ya kwanza, na ndipo ninapotaka uchukue muda. Ukiwaambia wazee wa Zanzibar kwamba filamu inahusu “makao ya wazee”, picha inayowajia ni ya Sebleni na Welezo huku Unguja, au Limbani kule Pemba, mahali ambapo Serikali inamtunza mzee asiye na wa kumtunza. Hapana aibu yoyote kwa wanaoishi huko, ila kwa watazamaji wako neno hilo linabeba swali zito: watoto wake wako wapi? Basi wanatazama jumba la Beecham, bustani zake, piano katika kila pembe, wahudumu wanaobeba chai, na badala ya kucheka wanawahurumia wale watu kuwa wametupwa. Kila mzaha unapita juu ya vichwa vyao, kwa kuwa hawajaridhika bado kwamba hawa ni watu wa kuchekwa nao.

Mara ya pili niliacha neno hilo kabisa. Niliwaambia kwamba hii ni nyumba ya watu wa fani moja waliokubaliana kuzeeka pamoja, mfano wa kilabu ya taarab ambayo wanachama wake, badala ya kurudi majumbani baada ya mazoezi, wamehamia na vitanda vyao. Wakaelewa mara moja, na wakaanza kutajana nani angegombana na nani juu ya kiti cha dirishani. Swali la nani analipia litakuja kwa vyovyote. Jibu lake ni lile onyesho la kila mwaka, nalo ulitaje mapema, kwa sababu watu waliozoea kuhesabu Pensheni Jamii, inayolipwa tangu 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, wanaelewa vyema maana ya nyumba kutegemea mapato ya usiku mmoja.

Wakati, mahali na mashine

Filamu ina dakika kama 98. Ukiongeza vituo vya kufasiri na vya mabishano, inakaribia saa mbili na nusu, na muda huo hauingii baina ya Alasiri na Magharibi bila ya kumharakisha mtu kwenye sala. Baada ya Isha wazee wengi wanataka kulala. Kwa hiyo igawe siku mbili: anza saa 10 na robo jioni, simama saa 11 na nusu, na kesho yake uendelee pale ulipoachia. Mahali pazuri pa kukata ni pale Jean anapomkasirikia Cissy kwa sababu ya maua na ombi la kuimba. Wataondoka na kisa kinachowatafuna, na kesho hakuna atakayechelewa.

Chumba chenye kuta nene na madirisha ya mbao ya kufungika, kama kumbi nyingi za nyumba za Mji Mkongwe, kinatosha kupata giza mchana. Shuka nyeupe iliyopigwa pasi na kuvutwa vizuri ni kioo kizuri cha projekta. Kama huna projekta, televisheni kubwa inafaa na haina taabu. Usishughulike sana na ukubwa wa picha. Shughulikia sauti. Mzee asiyesikia hatakuambia kwamba hasikii, atakaa kimya akitabasamu, kwa hivyo weka spika karibu na viti, upande wa wale unaojua masikio yao ni mazito, na uzime feni inayopiga kelele hata kama kuna joto. Viti viwe vya mikono. Mkeka unapendeza, lakini goti la miaka 75 halinyanyuki kutoka mkekani kwa heshima. Choo kiwe karibu na njia yake iwe na taa. Umeme ukikatika, kompyuta ya mkononi yenye chaji itakuvusha.

Kahawa chungu na tende, chai ya tangawizi isiyotiwa sukari na kopo la sukari kando, visheti kwa anayeruhusiwa. Wengi wana kisukari na si wote wanaopenda kutangaza.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Kuwaonyesha watu wa nyumbani nakala uliyoinunua ni jambo moja, na kuwaita watu ukumbini kwa tangazo ni jambo jengine, ambalo linahitaji idhini ya mwenye haki ya filamu na kupita kwenye Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni la Zanzibar. Mwongozo huu ni wa namna ya kwanza.

Mkalimani ndiye nusu ya filamu

Usitegemee maandishi ya chini ya picha. Ni ya Kiingereza, ni madogo, na yanapita mbio. Tafuta mtu mmoja mwenye sauti nzuri, anayejua Kiingereza na anayejua taarab, awe amekaa ubavuni mwa picha na kidhibiti mkononi ili asimamishe anapotaka. Asifasiri kila neno. Afasiri kila kisa, kisha awaache watazame nyuso, maana Maggie Smith anaweza kutukana kwa unyusi tu na hakuna bibi wa Ng'ambo atakayekosa kuelewa.

Mtihani wa mkalimani ni Wilf. Huyu ni mzee mtongozaji, na mizaha yake mingi inahusu mwili na mambo ya chumbani, mbali na matusi yanayomtoka yeye na wengine. Pengine katika chumba hicho hicho amekaa mtu na mkwewe. Mkalimani wangu alikuwa na dawa nzuri: kila Wilf alipovuka mpaka, yeye alisema, “Hapa bwana huyu anasema maneno yake,” na ukumbi ukacheka zaidi kuliko kama angefasiri. Kwa sababu hiyo hiyo wajukuu wadogo wasiwepo.

Cissy anataka uangalifu wa aina nyengine. Ana maradhi ya kusahau, na karibu na mwisho, muda mfupi kabla ya kupanda jukwaani, akili yake inarudi utotoni na anataka kuondoka kwenda kwa wazazi wake. Kama miongoni mwa wageni kuna familia yenye mzee wa hali hiyo, waambie mapema, faraghani, na uwaachie wachague kuja au kutokuja. Inapofika sehemu hiyo mkalimani anyamaze kabisa. Yule bibi aliyekuwa mgumu kuliko wote ndiye anayemtuliza, na hilo linaonekana bila ya maneno.

Kituo kirefu kuliko vyote kiwe pale Reggie anapowafundisha vijana opera, nao wakamfundisha muziki wao wa kufokafoka. Simamisha picha na uulize swali moja tu, kwamba nani kati yao angeweza kukaa na kijana wa Zenji Fleva, muziki wa kizazi kipya wa Zanzibar, namna ile. Kisha kaa pembeni. Kwetu ilichukua dakika ishirini, mzee mmoja akadai kwamba hata wao waliambiwa wameharibu taarab walipoingiza akordioni, na ubishi haukumalizika.

Sauti nne kwa pamoja

Kipande chenyewe cha Rigoletto, opera iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851, kinahitaji maelezo kabla ya siku ya pili kuanza, la sivyo kitakuwa kelele nzuri tu. Sikio la taarab limezoea mwimbaji mmoja akisema na waitikiaji wakimpokea. Hapa watu wanne wanaimba kwa wakati mmoja na kila mmoja ana lake. Mtawala mlaghai anamtongoza mwanamke ndani ya nyumba. Mwanamke anamcheka kwa kuwa anajua maneno hayo ameshawaambia wengine. Nje, gizani, binti anayempenda mtawala huyo anasikia kila kitu na moyo unapasuka. Na baba wa binti, kandoni mwake, anaapa kulipiza kisasi. Fasiri hivyo, polepole, kisha wapigie kipande hicho kwa sauti bila picha na uwaombe kila mmoja achague sauti moja aifuate mpaka mwisho. Siku yetu wanawake wote walimfuata binti isipokuwa mmoja, aliyesema anamtaka yule anayecheka. Watu waliolelewa katika mafumbo, ambao wanajua kwamba mwenye kuinuka kwenda kutunza kwa noti ubeti fulani anamsema mtu fulani aliyekaa safu ya tatu, hawahitaji kufunzwa kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na masikio manne.

Waandae pia kwa hili: filamu haiwaonyeshi wale wanne wakiimba. Kamera inatoka nje usiku na sauti zinasikika kutoka jumbani. Waigizaji si waimbaji wa opera, na mwongozaji hakutaka kutudanganya sana. Wazee wangu walikasirika mara ya kwanza wakidhani mashine imeharibika.

Kuwaalika, na suala la ala

Mwaliko hautumwi kwa simu. Nenda nyumbani kwa mzee, kaa barazani, uulize hali, na usilitaje jambo lako mpaka uulizwe kilichokuleta. Mpiga fidla mmoja alinijibu hivi:

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, baba. Umekuja kunitazama au umekuja kunitaka nipige?”

“Nimekuja kukualika utazame, Maalim. Fidla ibaki ukutani kama wewe ndivyo utakavyo.”

“Ina nyuzi mbili hiyo. Hata ningetaka.”

Kutaja nyuzi hakukuwa kukataa, na hapo ndipo pa kusikiliza. Siku ya pili nilikuwa na seti nzima ya nyuzi mpya, sikumwambia mtu, nikaiacha mezani karibu na kahawa pamoja na udi wa kuazima. Ala ziwepo katika chumba kama vyombo vya nyumba, bila ya kuelekezwa kwa mtu.

Kama kuna ganuni, mambo yanataka maandalizi zaidi, kwa kuwa ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na unyevu wa pwani yetu huzilegeza kila siku. Mtafute kijana anayejua, wapo waliosomea katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu kilipoanzishwa mwaka 2002, azilinganishe asubuhi, azirudie tena saa 9. Mzee akikuta ganuni imelegea atatumia nguvu zake zote katika kulinganisha, na vidole vitakuwa vimechoka kabla ya ubeti wa kwanza.

Kwa waimbaji, siri ni kuteremsha wimbo. Sauti ya bibi wa miaka 70 haikai pale ilipokaa alipokuwa na 30, na wapigaji wakianza mahali pa zamani kwa kumheshimu, watakuwa wamemtega. Hatua mbili chini, mara nyengine tatu, na mapigo yapungue kidogo ili pumzi ipate nafasi baina ya mishororo. Mpiga udi na mpiga fidla wanaweza kuhama bila taabu kubwa; mpiga akordioni aliyeukariri wimbo kwa vidole ataparaganyika, basi aambiwe mapema au apumzike. Asiulizwe bibi mbele ya watu wapi pa kuanzia. Mpiga udi apige utangulizi chini, aone kama bibi anaguna kwa kuufuata.

Jina la Bi Kidude litatajwa, usiwe na shaka. Alifariki Aprili 2013, miezi michache baada ya filamu hii kutoka, na kila mzee atakuambia kwamba yeye hakufanya kama Jean. Aliiacha sauti ikwaruze na akaimba nayo hivyo hivyo mpaka uzee wake wa mwisho. Waache walinganishe. Kwetu walitokea wawili waliomtetea Jean, na mmoja wao alikuwa bibi aliyeacha kuimba muda mrefu. Sikumuuliza kitu. Baadaye nilimsikia akiitikia kiitikio kwa sauti ya chini, mara mbili, kisha akanyamaza, na siku hiyo ilitosha.

Kuwe na noti ndogo ndogo kwa wageni, ili akitokea wa kuimba atunzwe inavyopasa. Kurekodi kwa simu kufanywe kwa idhini ya mwenyewe tu, na idhini ya jana si ya leo.

Usizime mwishoni

Filamu ikimalizika na majina yakaanza kupanda, mkono wako usiguse kidhibiti. Wengi wa wale waliokuwa wakizunguka nyuma ya waigizaji wakuu walikuwa wanamuziki wa kweli waliostaafu, na mmoja wao, Gwyneth Jones, alikuwa nyota wa opera duniani. Mwishoni picha zao za ujanani zinaonyeshwa kando ya sura zao za sasa, pamoja na kazi walizozifanya. Mkalimani asome kila jina taratibu.

Wiki moja kabla, waombe watoto wa wageni wako picha za zamani za wazee wao: kikundi cha taarab cha Culture miaka ya sitini, safari za Dar es Salaam, harusi za Malindi, yeyote aliyeshika ala au kipaza sauti. Zipige picha kwa simu, uzipange, na zile za filamu zikimalizika uziunganishe zako papo hapo kwenye shuka ile ile bila ya kutangaza. Tulipofanya hivyo palikuwa kimya, kisha mtu akasema, “Huyo wa kushoto ni nani?” na aliyeulizwa akajibu kwamba ni yeye. Yule mpiga fidla aliinuka, akachukua zile nyuzi mezani, akaomba taa iwashwe.

Picha za karatasi zirudishwe kwa wenyewe kesho yake asubuhi, kwa mkono, na usafiri wa kuwarudisha wazee uwe umeshalipiwa, maana siku hiyo hamtamaliza saa 11 na nusu.